Porsche 911 GT3: Kila Toleo na Ugonjwa Wake

Ukitaja Porsche 911 GT3 mbele ya watu wanaopenda magari, hukosi kusikia mambo matatu. La kwanza ni kwamba hushika moto. La pili ni kwamba ndani ya injini yake kuna beringi moja ambayo ikivunjika, injini nzima imekwisha. La tatu linapingana na hayo mawili: kwamba 911 ni chuma, haifi, kwani si ndiyo iliyopasua tope la Safari Rally mwaka 1978, Vic Preston Junior akamaliza wa pili? Yote matatu yana ukweli ndani yake, lakini yamebandikwa gari lisilohusika. Moto ulikuwa wa toleo moja tu la GT3. Beringi ni ya injini nyingine kabisa. Na 911 ya Safari ilikuwa mashine ya kupozwa kwa hewa, iliyoandaliwa kuvumilia mashimo na vumbi, haikuundwa izunguke mara 9,000 kwa dakika.

Mkanganyiko huu una gharama. Mtu anayenunua GT3 iliyotumika, awe Nairobi, Dubai au London, anaweza kulikimbia gari zima kwa kuogopa ugonjwa ambao haliwezi kuupata, kisha akanunua lingine lenye ugonjwa ambao hakuwahi kuusikia. Kwa hiyo tuanze mwanzo.

GT3 ni toleo la 911 lililotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mbio, lakini lenye namba za usajili na ruhusa ya kutembea barabarani. Lilianza mwaka 1999. Injini yake ina silinda sita zilizolala, tatu kila upande, nayo imekaa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Haina turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada. Matoleo yake hutambulishwa kwa namba za vizazi vya 911: 996 kuanzia 1999, 997 kuanzia 2006, 991 kuanzia 2013, na 992 kuanzia 2021. Namba hizo zikukae kichwani, maana ndizo zinazoamua tunazungumzia ugonjwa gani.

Kutokuwa na turbo ndiko kunakoeleza karibu kila kitu kingine. Injini isiyo na turbo ina njia mbili kuu za kuongeza nguvu: iwe kubwa zaidi, au izunguke haraka zaidi. GT3 ilitumia zote mbili. Ile ya 1999 ilikuwa na lita 3.6 na nguvu farasi 360. Ya 2013 ilikuwa na lita 3.8 na nguvu farasi 475, na iliruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Ya 2017 ikafika lita 4.0 na nguvu farasi 500, kwa mizunguko ileile.

Mzunguko mmoja ni krankishafti, ule mhimili mkuu ulio chini ya injini, kugeuka mara moja kamili. Mizunguko 9,000 kwa dakika ni mizunguko 150 kwa sekunde. Katika kila mzunguko pistoni hupanda hadi juu, husimama kabisa, hushuka, husimama tena. Yaani katika sekunde moja kila pistoni imesimamishwa mara 300 na kurushwa upya mara 300. Kazi ya kuisimamisha ni ya konrodi, mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krankishafti, na konrodi yenyewe imefungwa kwenye krankishafti kwa bolti mbili.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani injini inayozunguka mara tatu zaidi inaumia mara tatu zaidi. Chukua kombeo, lizungushe na jiwe ndani. Ukiongeza kasi mara mbili, mvuto mkononi hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Ukiongeza mara tatu, unakuwa mara tisa. Ndivyo ilivyo kwa pistoni. Gari la kawaida linalokwenda kazini kwa mizunguko 3,000 na GT3 iliyo kwenye 9,000 hazitofautiani kidogo. Kwa vipande vyenye uzito na ukubwa uleule, bolti za konrodi za GT3 zinabeba mvuto mara tisa. Katika injini ya 2013, ambayo pistoni yake husafiri milimita 77.5 kutoka chini hadi juu, kila gramu ya pistoni inapofika kileleni huvuta kana kwamba ina uzito wa zaidi ya mara 3,500 wa kawaida. Kipande cha nusu kilo kinavuta kama mzigo wa zaidi ya tani moja na nusu, mara 150 kila sekunde. Ndiyo maana konrodi za gari hili ni za titani, iliyo nyepesi kuliko chuma cha pua, na ndiyo maana kosa dogo la bolti, ambalo injini ya kawaida ingelivumilia kwa miaka, hapa huonekana haraka.

Basi twende kwenye moto.

Mwanzoni mwa 2014, magari mawili ya 991 GT3 yaliungua huko Ulaya. Porsche iliwaambia wamiliki wa GT3 ya mwaka huo wasiyaendeshe magari yao hata kidogo, ikatuma watu kuyachukua. Mwezi Machi ikatoa maelezo: bolti za konrodi zilikuwa zimelegea. Bolti ikilegea, konrodi huanza kucheza, kisha huachia, na kipande cha chuma kinachozunguka mara 150 kwa sekunde hutoboa ubavu wa injini. Oili ya moto hutoka, hukutana na mabomba ya ekzosi yaliyo karibu, moto unawaka. Kampuni haikubadilisha bolti peke yake. Ilibadilisha injini nzima katika magari yote 785 yaliyohusika.

Kwa hiyo anayesema leo kwamba GT3 hushika moto anazungumzia magari 785 ya mwanzo wa toleo la 991, ambayo yalitengenezewa injini mpya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Katika habari yote ya GT3 hili ndilo lililotangazwa kuliko yote, na kwa mnunuzi wa leo ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Hadithi ya moto ilifunika ugonjwa wa pili wa toleo hilohilo, ambao ni wa polepole na hauna picha za kutisha, lakini uliwagusa wamiliki wengi zaidi.

Ugonjwa huo uko juu ya injini, kwenye valvu. Valvu ni milango inayoruhusu hewa kuingia na moshi kutoka. Hufunguliwa na kamshafti, mhimili wenye nundu. Katika 991 ya kwanza, yaani ile ya 2013, nundu hizo hazikuigusa valvu moja kwa moja, zilikandamiza roka ndogo, kijikono cha chuma ambacho ndicho kinachoisukuma valvu. Krankishafti ikiwa kwenye 9,000, kamshafti huenda nusu ya hapo, na kila valvu hufunguka na kufungwa mara 75 kwa sekunde. Mahali nundu inapoteleza juu ya roka ni pembamba mno, na panapata shinikizo kubwa. Ili pasichakae, roka ilipakwa utando mgumu wa kaboni. Utando huo ukianza kulika, chuma hubaki uchi, roka huanza kuila nundu na nundu huila roka. Valvu haifunguki tena kwa kipimo chake. Injini inaanza kumisi, hasa kwenye mizunguko ya juu, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Kilichowakasirisha wamiliki ni kwamba hali hii haikutokana na uzembe wao. Kuna waliobadilisha oili kwa wakati na bado injini ikamisi. Porsche ilirekebisha vipande mara kadhaa, na injini hizo zikaanza kujulikana kwa herufi: E, F, na ya mwisho G. Anayeuza 991 ya kwanza akikwambia injini ni G, anakwambia kwamba ina marekebisho ya mwisho. Ni habari njema, ila iombee karatasi.

Tazama pia Porsche walichofanya walipotengeneza injini ya lita 4.0 ya 2017. Hawakuongeza tu ugumu wa utando. Waliondoa kabisa mfumo wa vidhibiti vinavyotumia shinikizo la oili kurekebisha nafasi ya valvu, wakaweka mfumo mgumu unaopimwa kiwandani kwa vipande vya kujazia nafasi, usiohitaji kurekebishwa tena. Beringi za krankishafti zikawa kubwa zaidi, na oili ikapelekwa kwenye beringi za konrodi kwa njia inayopita katikati ya krankishafti yenyewe. Ukiyasoma mabadiliko hayo kimoja kimoja, yanaonyesha waziwazi injini ya kwanza ilikuwa inaumwa wapi. Mimi naona huo ndio ushahidi bora kuliko mabishano yoyote ya mitandaoni.

Sasa ile beringi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Porsche iliacha kupoza injini kwa hewa. Injini mpya ya maji ya 911 za kawaida na Boxster ilikuwa na mhimili wa kati, unaopeleka mwendo kutoka krankishafti hadi kwenye minyororo ya kamshafti. Mwisho mmoja wa mhimili huo ulishikwa na beringi ya gololi iliyofungwa, yenye grisi yake ndani. Grisi ikiisha, beringi hufa, mhimili huyumba, mnyororo huruka, valvu hugongana na pistoni. Wamiliki nchini Marekani waliishtaki kampuni kwa ajili ya magari ya 2001 hadi 2005. Huo ni ugonjwa wa kweli, na umeua injini nyingi.

Lakini GT3 za 996 na 997 hazikuwa na injini hiyo. Zilikuwa na ile inayoitwa ya Mezger, kwa jina la Hans Mezger, mhandisi aliyebuni injini ya 911 ya kwanza na ile ya silinda 12 ya gari la mbio la 917. Injini hii ni ndugu wa ile ya 911 GT1, gari lililoshinda mbio za Le Mans mwaka 1998. Nayo ina mhimili wa kati, ila mhimili huo hauna gololi wala grisi. Unakaa juu ya beringi bapa zinazolishwa oili kwa shinikizo muda wote injini inapozunguka. Na GT3 za kuanzia 991 zinatokana na familia mpya ya injini isiyo na mhimili huo kabisa. Hakuna GT3 hata moja iliyowahi kuwa na beringi inayosemwa. Muuzaji anayekupunguzia bei kwa sababu yake hajui anachouza. Na anayekwambia aliibadilisha kwenye GT3 yake anadanganya.

Injini ya Mezger ina udhaifu wake, nao ni wa kushangaza kwa mashine iliyozaliwa kwenye mbio: gundi. Rejeta za 911 ziko mbele, injini iko nyuma, hivyo maji husafiri urefu wote wa gari kwenda na kurudi. Pale mabomba yanapoingia kwenye injini, viungio kadhaa vilishikizwa kwa gundi badala ya kuchomelewa. Joto likija na kuondoka kwa miaka, gundi inazeeka. Siku moja, mara nyingi injini ikiwa moto sana na shinikizo likiwa juu, kiungio kinachomoka, na lita nyingi za maji ya rejeta zinamwagika kwa dakika moja. Zinamwagika wapi? Karibu na tairi za nyuma, za gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Dereva aliye katikati ya kona anajikuta juu ya utelezi aliojitengenezea mwenyewe, na aliye nyuma yake anaukuta pia.

Dawa inajulikana: injini inashushwa, viungio vinachomelewa au kufungwa kwa pini. Kazi ni ndefu kwa sababu ya kushusha injini, si kwa sababu ya uchomeleaji. Kama gari lina historia ya uwanja wa mbio na kazi hiyo haijafanyika, hilo ni la kwanza kuuliza, kabla ya rangi, kabla ya kilometa. Udhaifu huu uko pia kwenye 911 Turbo na GT2 za wakati huo, kwa kuwa injini ni ya ukoo mmoja.

Kuna jambo lingine linalowahusu zaidi wenye gia za mkono, na ndilo naliona linaeleweka vibaya kuliko yote. Watu husema gari haliwezi kuzidisha mizunguko kwa sababu kompyuta inazuia. Ni kweli nusu. Kompyuta inaweza kukata mafuta injini inapofika mwisho wake, na mizunguko ikaacha kupanda. Lakini hiyo ni pale injini inapoyasukuma magurudumu. Magurudumu yakiisukuma injini, kukata mafuta hakusaidii kitu.

Fikiria dereva wa 997 aliye gia ya tatu kwenye mizunguko 8,400, anataka ya nne. Ya nne iko chini ya ya tatu, moja kwa moja. Ya pili iko chini pia, upande wa kushoto. Mkono ukienda kushoto kidogo, anaingiza ya pili, anaachia klachi, na uzito wote wa gari lililo kasi unaigeuza injini kupita 11,000. Springi za valvu haziwahi kuzifunga, pistoni inazikuta njiani. Hata zisipogongana, bolti za konrodi zimevutwa kupita kipimo, na bolti iliyovutika hairudi ilivyokuwa. Gari linaweza kuendelea vizuri kwa miezi, kisha likafa mikononi mwa mtu asiye na hatia.

Bahati nzuri kompyuta ya 997 haisahau. Huhesabu kila mara injini ilipopita kiwango, hugawa hesabu hizo katika madaraja sita, na huandika injini ilikuwa na saa ngapi za kazi lilipotokea la mwisho. Madaraja ya chini yakiwa na namba si ajabu, ni alama za dereva aliyegusa kikomo kwa kukanyaga mafuta. Yale ya juu hayafikiwi kwa kukanyaga mafuta, yanafikiwa kwa gia mbaya tu. Fundi mwenye kifaa cha Porsche anaisoma orodha hiyo kwa muda mfupi. Kununua 997 GT3 bila kuiona orodha hiyo ni kununua gizani. Kwa 991 ya 2013 hofu hii ni ndogo mno, kwa kuwa ilikuja na gia za kompyuta peke yake, nazo hukataa kushuka pale ambapo kushuka kungeiua injini. Gia za mkono zilirudi mwaka 2017, na hatari ikarudi nazo.

Breki nazo zina hadithi zake, hasa diski za kauri, zinazotambulika kwa kalipa, yaani vishikio vya breki, za njano. Watu huambiwa hazichakai. Barabarani, kwa kweli, zinaweza kuishi muda mrefu sana. Uwanjani, joto kali linaunguza nyuzi za kaboni zilizo ndani yake, na diski inapungua uzito huku unene wake ukibaki karibu uleule. Kuipima kwa unene kama diski ya chuma hakutoshi. Uzito wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, na kipimo cha uhakika ni kuivua na kuiweka kwenye mizani. Bei ya seti moja inatosha kununua gari zima la kawaida, ndiyo maana madereva wengi wa uwanjani huzitoa, huzihifadhi, na kuweka za chuma, ambazo hupasuka nyufa kuzunguka matundu yake lakini kuzibadilisha hakuumizi hivyo. Na zote mbili zinategemea mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni. Kwa anayeishi pwani, kwenye unyevu wa mwaka mzima, hili si la kuahirisha.

Kuanzia 997 ya 2009 magurudumu hufungwa kwa nati moja kubwa ya katikati, kama magari ya mbio. Mwaka 2010 Porsche iliyaita magari hayo ibadilishe vitovu vya magurudumu ya nyuma. Nati hiyo inahitaji kukazwa kwa nguvu inayozidi mara nne ile ya bolti ya gari la kawaida, na watu wawili: mmoja kwenye spana, mmoja amekanyaga breki. Fundi wa tairi wa kando ya barabara, hata awe hodari vipi, asiiguse bila spana ya kupimia. Kwa gari la barabarani ningechagua bolti tano bila kusita.

Limebaki suala la kilometa. Wanunuzi wengi wanalikimbia gari lililowahi kuingia uwanjani na kulikumbatia lililolala gereji miaka minane. GT3 imetengenezwa kupigwa resi hadi mwisho wa mizunguko yake, na kufika huko ikiwa na oili ya moto hakuiharibu. Kinachoiharibu ni kufika huko oili ikiwa bado baridi na nzito, haijafika kila beringi. Sindano ya joto la oili ipo kwenye dashibodi kwa kazi hiyo, na joto la oili huchelewa sana kupanda kuliko la maji. Gari lililokwenda uwanjani mara nyingi na lina risiti za oili, mafuta ya breki na viungio vilivyochomelewa ni salama kuliko lenye kilometa chache, mafuta ya breki ya miaka minne na mmiliki aliyekuwa akiliwasha Jumapili, akalipiga resi getini ili majirani wasikie, kisha akalizima.

Kwa wanaoitazama 991 ya kwanza, ambayo bei yake huonekana tamu kuliko ya ndugu zake, kuna tarehe ya kuangalia. Baada ya matatizo ya roka na kamshafti, Porsche iliwapa wamiliki wa Marekani dhamana ya injini ya miaka 10 au maili 120,000, kama kilometa 193,000. Miaka hiyo haihesabiwi tangu siku unayonunua wewe, inahesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa mara ya kwanza. Lililokabidhiwa 2014 dhamana yake iliisha 2024. La 2015 iliisha 2025. Muulize muuzaji injini ni herufi gani, iliwekwa lini, na kama iko ndani ya dhamana au la. Ikiwa haiko, bei ya injini mpya ijumuishe kwenye hesabu yako kabla hujataja bei yako kwake.